Kuvuka Rahisi, Kukaa Kazi: Vibali vya Ugenini katika Historia ya Goma

Kibali cha kukaa nchi ya watu kwa muda si sawa na viza ya matembezi. Viza ya matembezi humpitisha mtu mlangoni tu. Kibali cha ukaazi humruhusu kupanga nyumba, kujiandikisha chuoni, kufungua akaunti benki na kutibiwa kama wakazi wenzake, kisha humtajia siku ambayo ruhusa hiyo yote itakwisha. Goma, mji mkuu wa Kivu Kaskazini, ni mahali ambapo tofauti hiyo huonekana wazi, kwa kuwa nchi ya nje iko karibu kuliko soko la mtaa wa pili. Mkazi wa Katindo, mtaa wa komuni ya Goma unaojulikana zaidi kwa kambi yake ya jeshi, akipanda pikipiki hufika baada ya dakika chache kwenye Petite Barrière au Grande Barrière, na ng'ambo ya hapo ni Gisenyi, Rwanda. Kuvuka huko ni shughuli ya kila siku, kama kuteka maji. Kukaa ugenini mwaka mzima, iwe Gisenyi, Kampala au Brussels, ni habari nyingine, na karatasi zinazohitajika kwa hilo karibu zote zimekuwa zikitengenezwa mbali na Goma.

Mpaka wenyewe ni wa juzi. Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alipofika Ziwa Kivu mwaka 1894, hakukuta mstari wowote kati ya mahali panapoitwa leo Goma na Gisenyi. Watu wa Bukumu, chini ya mlima Nyiragongo, walioana na kubadilishana mali na jirani zao wa Rwanda, na aliyehama aliulizwa yeye ni wa ukoo gani na anataka shamba kwa mwenyeji yupi. Mistari ilikuwepo, lakini kwenye ramani za Ulaya, na waliochora hawakuwa wameliona ziwa. Ndiyo maana Ubelgiji, Ujerumani na Uingereza zilizozana kwa miaka juu ya nani amiliki nini, hadi mkutano wa Brussels wa mwaka 1910 ulipogawa: ukingo wa magharibi na kisiwa cha Idjwi kwa Kongo ya Wabelgiji, Gisenyi kwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Mgawanyo huo haukudumu hata miaka sita. Mwaka 1916 askari wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, waliuvuka mpaka kwa silaha, wakaingia Kigali mwezi Mei na Tabora mwezi Septemba.

Baada ya vita, Rwanda na Burundi zikawekwa chini ya Ubelgiji kwa niaba ya Shirika la Mataifa, na sheria ya tarehe 21 Agosti 1925 ikaziunganisha kiutawala na Kongo. Bendera ikawa moja pande zote mbili za ziwa. Mtu angedhani kwamba kutoka hapo watu walitembea watakavyo. Haikuwa hivyo. Ukaguzi haukuondoka, ulihamia ndani ya nchi. Chini ya sheria za koloni kila Mkongo alihesabiwa kuwa wa himaya fulani ya kichifu, na aliyetaka kuiacha kwa zaidi ya siku 30 mfululizo alipaswa kupata hati iliyoitwa passeport de mutation. Bila hati hiyo, mtu wa Masisi, wilaya jirani na Goma, aliyekutwa Goma au Bukavu alikuwa kama mgeni asiye na kibali, ingawa hakuwa amevuka mpaka wowote wa kimataifa. Sheria ya mwaka 1931 juu ya vituo vya mijini, vile vilivyowekwa nje ya mamlaka ya machifu, iliongeza sharti la kuandikishwa kabla ya mtu kuruhusiwa kukaa mjini. Kwa hiyo muundo wote anaoujua mwombaji wa leo, yaani ruhusa ya kutoka, ruhusa ya kuingia, na ruhusa ya tatu ya kukaa, ulikuwepo tayari miaka ya 1930, tena kwa safari ambayo leo mtu huimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Uhamaji mkubwa wa wakati huo haukutoka Goma kwenda nje, bali ulielekea Kivu. Wabelgiji waliona Rwanda imejaa watu na njaa inarudi kila baada ya muda, huku milima ya Masisi, iliyotengwa kwa mashamba ya walowezi, ikikosa wafanyakazi. Mwaka 1937 wakaunda Mission d'Immigration des Banyarwanda, ofisi iliyochukua familia nzima kutoka Rwanda na kuzipa makazi Gishari na sehemu nyingine za Masisi. Kazi hiyo iliendelea kwa vipindi hadi 1955, na idadi inayotajwa mara nyingi ni watu 85,000. Kabla yake, katika miaka ya 1920, kampuni ya madini ya Union Minière ilikuwa imeandikisha Rwanda na Burundi maelfu ya vijana wa kwenda Katanga. Vijana hao walipimwa na daktari, wakatia alama kwenye mkataba wenye muda maalumu, wakapelekwa kambini. Ukiangalia vizuri, mkataba ule ulikuwa babu wa kibali cha ukaazi wa muda: ulitaja kazi, mwajiri, afya na mwisho wa ruhusa. Kilichokosekana ni kimoja tu, nacho ni kikubwa: anayehama hakuomba, aliitwa.

Kwenda Ulaya kulikuwa nadra mno. Wakongo wachache waliofika Ubelgiji kabla ya Vita vya Pili vya Dunia walikuwa mabaharia, watumishi wa nyumbani, askari, au watu wa pekee kama Paul Panda Farnana, aliyepelekwa huko akiwa mtoto, akasomea kilimo, na mwaka 1919 akaanzisha chama cha Wakongo mjini Brussels. Serikali ya koloni haikupenda Wakongo waione Ubelgiji ilivyo, na ruhusa ya safari ilikuwa mkononi mwake. Hata wale wasomi walioitwa évolués, waliopewa kadi ya sifa ya kiraia kuanzia 1948 na baadaye uandikishaji maalumu wa 1952, hawakupata kwa kadi hizo haki ya kwenda kuishi ng'ambo. Mwaka huo wa 1952 ndipo Thomas Kanza alipoanza masomo Louvain, Mkongo wa kwanza asiye padri kuingia chuo kikuu huko. Miaka sita baadaye, kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya 1958, mamia ya Wakongo walipelekwa Brussels na kuwekwa katika makazi maalumu Tervuren chini ya uangalizi. Wengi walikutana huko kwa mara ya kwanza na wenzao wa majimbo mengine, jambo ambalo watawala walilijutia upesi.

Uhuru wa Kongo tarehe 30 Juni 1960, na wa Rwanda na Burundi tarehe 1 Julai 1962, uliufanya mstari wa 1910 kuwa mpaka wa nchi huru kwa mara ya kwanza. Kabla hata ya hapo, ghasia za Rwanda za 1959 zilikuwa zimekwisha kuleta wakimbizi Kivu. Swali lililozuka halikuwa la viza. Lilikuwa la uraia: nani ni Mkongo, na nani anakaa tu? Sheria ya 1972 iliwapa uraia watu wengi wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa Kivu tangu wakati wa ukoloni. Sheria ya tarehe 29 Juni 1981 ikauondoa, ikidai mtu athibitishe kwamba kabila lake lilikuwa ndani ya mipaka ya Kongo mwaka 1885, yaani kabla ya mipaka hiyo kuwa na maana yoyote Kivu. Sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 ililegeza sharti hilo kwa kulisogeza hadi wakati wa uhuru, ila ilishikilia jambo moja linalowagusa wote wanaohamia mbali: uraia wa Kongo ni mmoja na haushirikiani na mwingine. Mkongo anayechukua uraia wa Ubelgiji au Kanada huupoteza wa kwao, na akirudi Goma kuzika mzazi hulazimika kuomba viza ya kuingia mji aliozaliwa. Ndiyo maana wengi hubaki na kibali cha muda miaka na miaka, wakikirefusha kila mara, ingawa wangestahili zaidi ya hicho.

Tarehe 20 Septemba 1976 Mobutu wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, Habyarimana wa Rwanda na Micombero wa Burundi walitia saini mkataba wa Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, yenye makao makuu Gisenyi. Micombero alipinduliwa wiki chache baadaye, lakini jumuiya ilisimama. Goma ilipata benki ya maendeleo ya jumuiya hiyo. Kwa mtu wa kawaida, hata hivyo, matunda ya CEPGL hayakuwa benki, yalikuwa karatasi mbili. Ya kwanza ni lesepase, kijitabu au hati iliyomruhusu raia wa nchi hizo tatu kusafiri katika mbili nyingine bila pasipoti na bila viza. Ya pili ni jetoni, kikaratasi kidogo cha wakazi wa miji ya mpakani, kilichotosha kwa kuvuka na kurudi. Mkataba wa 1985 wa uhuru wa watu kutembea ulitaka kwenda mbali zaidi, hadi kwenye haki ya mtu kuhamia na kufanya kazi nchi jirani. Sehemu ya kutembea ilitekelezwa. Ile ya kuhamia ilibaki zaidi kwenye maandishi.

Jetoni ndiyo iliyoifanya Goma iwe mji wa namna yake. Mama anayeuza mboga alivuka asubuhi na beseni kichwani, akauza, akanunua, akarudi jioni. Mwalimu aliishi upande mmoja akafundisha upande wa pili. Kabla ya janga la korona, makumi ya maelfu ya watu walipita Petite Barrière kila siku, na kivuko hicho kilikuwa miongoni mwa vile vyenye shughuli nyingi zaidi Afrika. Lakini karatasi hiyo ilikuwa na ukomo wake. Iliuliza mtu anatoka wapi leo na kama atarudi leo. Aliyetaka kupanga nyumba Gisenyi kwa mwaka, au kumwandikisha mtoto shule ya huko, alitoka katika ulimwengu wa jetoni na kuingia ofisi ya uhamiaji, mahali ambapo mkataba wa nyumba, barua ya mwajiri au ya shule, na ada, vilianza kudaiwa. Kila uhusiano wa Kinshasa na Kigali ulipochafuka, wa kwanza kuulizwa karatasi za ziada walikuwa wanafunzi na wapangaji wa aina hiyo, kwa sababu wafanyabiashara wa siku moja hakuna serikali iliyoweza kuwazuia kwa muda mrefu bila kuumiza soko lake yenyewe.

Upande wa Ulaya mlango ulikuwa ukizibwa polepole. Tarehe 1 Agosti 1974 Ubelgiji ilisitisha kuingiza wafanyakazi wapya wa kigeni. Zikabaki njia tatu kwa Mzaire: masomo, familia, hifadhi. Wanafunzi ndio waliotangulia, na Maison Africaine ya Ixelles, iliyofunguliwa 1961, iliwapa vitanda vizazi kadhaa vyao. Mtaa wa jirani ukapewa jina la Matonge ya Kinshasa, wala haikuchukua muda mrefu kwa wengine kuja kwa ajili ya kununua pondu na vitenge. Sheria ya tarehe 15 Desemba 1980 juu ya wageni ndiyo inayotawala mpaka leo, ingawa imefanyiwa marekebisho mara nyingi mno. Ilileta kanuni ambayo ina uzito wa pekee kwa mtu wa Goma: kibali cha kukaa zaidi ya miezi 3 huombwa kabla ya safari, kwenye ubalozi wa mahali mwombaji anapoishi kihalali. Kwa raia wa Kongo anayeishi Kongo, mahali hapo palimaanisha, karibu kila mara, Kinshasa. Kutoka Goma hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege, na barabara ya kuaminika haijawahi kuwepo. Nairobi na Kampala ziko karibu zaidi, lakini ubalozi wa huko humrudisha asiye na ukaazi wa nchi hiyo. Hapo ndipo vijana wengi walipojifunza kwamba kibali cha kukaa Uganda kama mwanafunzi kinaweza kuwa ngazi ya kuombea kibali cha kwingine.

Kisha mambo yakaharibika. Mauaji ya wanafunzi Lubumbashi mwezi Mei 1990 yalivunja ushirikiano wa Ubelgiji na Zaire, na ufadhili wa masomo ukakauka. Uporaji wa 1991 na 1993 uliwafukuza wageni. Julai 1994, katika muda wa siku chache, watu wanaokadiriwa kufikia milioni moja walivuka kutoka Rwanda kuingia Goma, na hakuna aliyeulizwa karatasi. Vita vya 1996 vikafuatwa na vya 1998, vilivyoiweka Goma chini ya waasi wa RCD hadi 2003, ikiwa imekatwa na Kinshasa kwa mstari wa mapigano. Mwenye shida ya pasipoti alihitaji hati kutoka mji ambao serikali ya mji wake mwenyewe ilikuwa ikipigana nao. Wengi waliacha kuomba kibali cha aina yoyote, wakaandikishwa kama wakimbizi Uganda, Rwanda, Tanzania au Kenya, na baadhi yao walipata makazi mapya Marekani na Kanada kupitia Umoja wa Mataifa baada ya kungoja miaka kambini. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, lava ikapasua katikati ya mji hadi ziwani. Mamia ya maelfu walikimbia, wengi wao kwenda Gisenyi, wakarudi baada ya siku chache juu ya mawe yenye moto bado. Waliounguliwa nyumba waliunguliwa pia na vyeti.

Hasara hiyo ya vyeti inastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndipo maombi mengi yanapokwama. Sensa ya mwisho ya Kongo ni ya 1984, na tangu miaka hiyo taifa lilikaa bila kitambulisho cha uraia kilichogawiwa kwa watu wote. Kuanzia 2005 kadi ya mpiga kura imefanya kazi hiyo. Kadi ya uchaguzi inayotumika kumtambulisha mtu mbele ya ubalozi ni jambo la ajabu kidogo, lakini ndiyo iliyopo: katika uandikishaji wa 2023 watu walipanga foleni tangu usiku, na si wote waliokuwa wakifikiria kura. Cheti cha kuzaliwa kina shida zaidi. Sheria ya 2009 ya ulinzi wa mtoto inataka kuzaliwa kuandikishwe ndani ya siku 90. Mtoto aliyezaliwa njiani wakati wa kukimbia, au kijijini Masisi mbali na ofisi yoyote, siku hizo humpita. Akifikia umri wa kuomba pasipoti, huenda mahakamani na mashahidi, hakimu hutoa jugement supplétif inayotambua tarehe na wazazi, muda wa rufaa hupita na cheti cha kutokuwepo rufaa hutolewa, ndipo ofisi ya komuni huandika cheti chenyewe. Karatasi tatu badala ya moja, kila moja na ada yake na mhuri wake. Balozi za Ulaya zinajua jambo hilo, na kwa sababu zinalijua huitilia shaka hukumu ya namna hiyo. Mzazi anayewaita watoto wake Ubelgiji mara nyingi huishia kwenye kipimo cha DNA ili kuthibitisha kile ambacho hakimu ameshakiandika.

Pasipoti ina historia yake ya bei. Ile ya kibayometria ilianza kutolewa mwishoni mwa 2015 kwa dola 185, kiasi kilichoifanya itajwe miongoni mwa pasipoti ghali zaidi duniani, katika nchi ambayo mwalimu wa shule ya msingi hakufikisha kiasi hicho kwa mwezi. Mwaka 2020 ilishuka hadi dola 99, na mwaka 2025 toleo jipya likatangazwa kwa dola 75.

Ukimchukua kijana wa Katindo aliyekubaliwa na chuo cha Ubelgiji kinachofundisha kwa Kifaransa, faili lake, ambalo Goma wote huliita farde, hujengwa kwa mpangilio huu. Kwanza diploma ya serikali, ile ya mtihani wa taifa wa mwisho wa sekondari. Diploma yenyewe huchapwa Kinshasa na imezoeleka kuchelewa miaka, kwa hiyo wengi huanza na cheti cha muda. Mamlaka ya elimu ya Wabelgiji wanaozungumza Kifaransa hutaka ilinganishwe na ya kwao, na maombi ya ulinganisho kwa kawaida hufungwa tarehe 15 Julai, wakati matokeo ya mtihani wa Kongo mara nyingine hata hayajatangazwa. Anayefaulu mwaka huu basi huomba kwa mwaka ujao. Pili, barua ya chuo. Tatu, mdhamini: mtu mwenye kipato cha kutosha anayetia saini fomu inayojulikana kama annexe 32, na kuahidi kulipa masomo, matibabu na hata nauli ya kurudishwa. Fomu hiyo ndiyo inayopeleka simu usiku kwa wajomba na mashangazi walioko Liège na Charleroi, na wengi wa hao mshahara wao hautoshi kwa viwango vinavyotakiwa. Nne, cheti cha daktari anayetambuliwa na ubalozi. Tano, cheti cha kutokuwa na rekodi ya jinai. Halafu nakala zote hupelekwa kuhalalishwa na Wizara ya Mambo ya Nje, kisha na ubalozi. Tangu Machi 2015 kuna pia ada inayolipwa Brussels kabla faili halijasomwa, na hairudishwi jibu likiwa hapana.

Faili likipokewa Kinshasa, halikatiwi shauri hapo. Hutumwa Office des Étrangers, idara ya wageni, mjini Brussels, na afisa asiyewahi kumwona mwombaji huamua kama nia yake ni kusoma kweli. Aliyepewa viza ya muda mrefu hafiki na kibali, hufika na ruhusa ya kukiomba: ndani ya siku 8 za kazi hujiandikisha kwenye komuni anakoishi, polisi wa mtaa hupita kuhakikisha kwamba analala hapo, na baadaye hupewa kadi A, ya ukaazi wa muda, inayorefushwa kila mwaka kwa kuonyesha kuwa anafaulu masomo na mdhamini bado yupo. Tangu marekebisho ya 2021 aliyehitimu anaweza kubaki miezi 12 akitafuta kazi. Kwa Kanada mpangilio ni mwepesi kidogo upande mmoja, kwani maombi hufanyika mtandaoni na alama za vidole zinaweza kutolewa kituo chochote, hata Kigali, safari ya basi ya saa chache kutoka Gisenyi. Lakini anayeelekea Québec huongezewa hatua ya kibali cha jimbo kabla ya kile cha nchi.

Milango ya Kinshasa nayo haikuwa wazi siku zote. Maison Schengen, nyumba iliyoendeshwa na Ubelgiji kwa niaba ya nchi kadhaa za Ulaya tangu 2010, ilifungwa mwanzoni mwa 2018 kwa amri ya serikali ya Rais Kabila, katika mvutano wa kisiasa na Brussels, ikafunguliwa tena baadaye. Faili zilizokuwa tayari zilichakaa kwa kungoja, kwa kuwa vyeti vya daktari na vya jinai vina muda wa kuisha.

Matumaini mapya yalitoka mashariki. Kongo ilikubaliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 29 Machi 2022 na kutia saini mkataba tarehe 8 Aprili. Itifaki ya soko la pamoja, inayotumika tangu Julai 2010, inataja si kuvuka tu bali pia haki ya kufanya kazi, kujiajiri na kukaa. Kenya iliondoa viza kwa Wakongo kuanzia Septemba 2023. Kwa wafanyabiashara wa Goma wanaonunua Nairobi, hilo lilikuwa jambo la maana kuliko hotuba zote za marais. Haki ya kukaa, kwa upande wake, bado hutekelezwa na kila nchi kwa vibali vyake yenyewe, na Kongo imeingia ikiwa na vita mlangoni.

Vita hivyo ndivyo vilivyorudisha mpaka kuwa mpaka. Mlipuko wa Nyiragongo wa Mei 2021 ulikuwa umeonyesha tena kwamba Gisenyi hupokea bila kuuliza: wakati mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ilipoamriwa kuhama, Katindo ikiwa nje ya orodha, maelfu walivuka siku hiyohiyo. Mwaka mmoja baadaye, Juni 2022, baada ya askari wa Kongo kuuawa upande wa Rwanda, mamlaka ya Kivu Kaskazini iliamuru mpaka ufungwe saa 9 alasiri, na waliokuwa wakifanya kazi upande mmoja na kulala upande mwingine wakalazimika kuchagua. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia mjini, kambi ya Katindo ikiwa miongoni mwa sehemu walizokuja kuzidhibiti. Uwanja wa ndege ulifungwa, na benki pia. Vivuko vya Gisenyi vilifunguliwa baada ya siku chache.

Tangu hapo anayetaka kupeleka faili Kinshasa huanza kwa kuelekea upande usio wake: huvuka Rwanda au Uganda, hupanda ndege Kigali, Entebbe au Nairobi, na kuingia nchi yake kama msafiri atokaye nje, huku ada za benki zikilipwa na ndugu aliyeko mji mwingine. Kigali haiwezi kumsaidia anayeomba Ubelgiji, hata kama angekuwa mkazi halali wa huko, kwani Rwanda ilivunja uhusiano wa kibalozi na Ubelgiji tarehe 17 Machi 2025. Wanaobaki na njia fupi ni wale wanaoomba kibali cha mwanafunzi Kampala au Nairobi, na hiyo ni sababu mojawapo inayowapeleka vijana wa Goma katika vyuo vya miji hiyo miwili, si Kiingereza peke yake.